Malalamiko kuhusu albamu ya mkusanyiko wa gangsta rap isiyolingana na jalada lake

Kinondoni,
Dar es Salaam.
14 Mei 2024

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Ofisi ya Afrika Mashariki.

Ndugu Meneja,

YAH: ALBAMU YENU YA MKUSANYIKO WA GANGSTA RAP, SIDI MBILI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Albamu hiyo niliinunua kwa wakala wenu wa Kariakoo, ikiwa bado ndani ya nailoni yake, kwa sababu jalada linatamka kwamba mna historia ya gangsta rap ya Marekani, yaani rap inayosimulia maisha ya mitaani na ya magenge, kuanzia mwaka 1986 hadi 1996 "katika rekodi zake halisi". Nimeisikiliza yote na kukisoma kijitabu chake ukurasa kwa ukurasa, na nalazimika kuwaarifu kwamba nilichouziwa sicho kilichotangazwa.

Naanza na lililo dogo. Kwenye kona ya jalada mmeweka ile nembo nyeusi na nyeupe ya onyo kwa wazazi, ambayo kampuni za muziki za Marekani zilianza kuitumia kwa muundo mmoja mwaka 1990 ili mnunuzi ajue kabla ya kulipa kwamba lugha ya ndani ni kali. Ndani, hata hivyo, nimekuta matoleo ya redioni yaliyochujwa. Matoleo hayo yana soko lake, kwani maduka ya Walmart ya huko Marekani yalikataa kuuza albamu zenye nembo hiyo, na sina ugomvi na mzazi anayeyapendelea. Lakini hayauzwi chini ya onyo yasilolihitaji. Isitoshe, aliyeyachuja hakuiondoa sauti ya rapa peke yake bali alizima kila kitu, ngoma na besi pamoja, hivyo kila penye tusi mdundo unakatika ghafla na kuanza upya, na katika wimbo mmoja wa N.W.A., kundi la akina Eazy-E, Ice Cube na Dr. Dre, ubeti mzima umebaki matundu matupu.

Lalamiko langu kubwa ni rekodi zenyewe. Nyuma ya kasha, chini kabisa, kwa herufi ambazo nilizisoma kwa shida, mmeandika kwamba baadhi ya nyimbo "zimerekodiwa upya na wasanii wenyewe". Sababu ya kufanya hivyo naielewa. Wimbo una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi ya kwanza, yaani masta, ambayo aghalabu imo mikononi mwa lebo, yaani kampuni ya muziki iliyogharimia studio. Anayeitaka masta hana budi kuelewana bei na mwenye nayo, ilhali anayerekodi upya hulipia utunzi tu na gharama ya masta akaikwepa. Hilo si kosa, mradi mnunuzi aambiwe waziwazi na asiandikiwe mbele ya kasha kwamba rekodi ni halisi. Lakini hata utetezi huo hauwezi kuwafaa kwa "Boyz-n-the-Hood", wimbo wa mwaka 1987 uliomtambulisha Eazy-E. Kila aliyewahi kuusikia anaijua sauti ile nyembamba, ya juu, yenye kebehi. Katika sidi yenu anasikika mtu mwenye sauti nzito anayekimbizana na biti, huku nyuma yake pakilia kinanda ambacho hakimo katika wimbo wa awali. Eazy-E alifariki tarehe 26 Machi 1995. Naomba nielezwe ni lini na wapi msanii huyo "mwenyewe" aliurekodi upya, na kama mlimwajiri mwigaji, kwa nini hamkusema.

Kijitabu nacho kinawanyima watu haki ya majina yao. Kwa wimbo huohuo mmemtaja Eazy-E kuwa mtunzi, wakati mashairi yaliandikwa na Ice Cube na mtayarishaji alikuwa Dr. Dre. Ice Cube aliondoka N.W.A. mwishoni mwa mwaka 1989 kwa mgogoro wa malipo, kwa hiyo suala la nani aliandika nini katika kundi lile haliwezi kuhesabiwa kuwa kosa la uchapaji. "Regulate" ya mwaka 1994 mmeiweka kwa jina la Warren G peke yake, ilhali Nate Dogg anapokezana naye beti tangu mwanzo. Huyo alifariki mwaka 2011 na hawezi tena kuwadai. Halafu dibaji inadai kwamba muziki huu ulizaliwa Compton, mji wa N.W.A. jirani na Los Angeles, mwaka 1988. Jalada lenu linaanzia 1986, mwaka ambao rapa Ice-T alitoa "6 in the Mornin'" huko Los Angeles, na yeye mwenyewe amekiri kwamba aliyemfungulia njia ni Schoolly D wa Philadelphia, ambaye "P.S.K." yake ilitoka mwaka 1985. Mwandishi wa dibaji angelisoma jalada tu, angejisahihisha.

Nilipomrudia wakala wenu, alinijibu kwamba muziki ni muziki na kwamba bidhaa iliyokwisha kufunguliwa hairudishwi. Jibu hilo silikubali, kwa kuwa kasoro nilizozitaja zisingeweza kuonekana bila nailoni kuondolewa.

Kwa hiyo naomba nirejeshewe fedha zangu zote, na mtamko wa "rekodi halisi" uondolewe kwenye nakala zilizobaki madukani hadi kila wimbo uliorekodiwa upya utakapoonyeshwa kwa jina. Majina ya watunzi, waimbaji na watayarishaji nayo yarekebishwe kabla hamjachapa tena. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 21 tangu mpokee barua hii, nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayouziwa.

Nimeambatanisha nakala ya risiti pamoja na picha za jalada na za kurasa za kijitabu zenye makosa. Sidi zote mbili ninazo na kasha lake. Mkituma mtu kuzichukua, aje na fedha, nami nitamkabidhi.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu