Kwa Nini Stadi za Tairi Hukatika, na Namna Tunavyozibadilisha

Magari mengi yanayoletwa kwetu hapa Dodoma yakiwa yamekatika stadi, yaani bolti za kwenye habu (kitovu cha gurudumu) zinazofungiwa nati za tairi, ni Land Cruiser na Hilux za kazi zinazotoka Kibakwe, Chemba na vijiji vya Bahi, na karibu kila dereva huilaumu barabara. Ni kweli kwamba changarawe na makorongo hulitesa gari, lakini kwa tunayoyaona tunapofungua matairi, stadi nyingi huwa zilikwisha kuumizwa siku tairi lilipofungwa, barabara ikaja kumalizia tu.

Ushahidi upo kwenye kipande chenyewe. Ukikitazama pale kilipokatikia, mara nyingi utakuta sehemu moja ni laini, nyeusi na imeshika kutu, na nyingine inang'aa: ile nyeusi ni ufa ulioanza zamani ukawa unaongezeka kidogo kidogo, na inayong'aa ndiyo iliyovunjika siku ya mwisho.

Nati ikilegea, rimu hucheza juu ya habu na kuzipinda stadi kila tairi linapozunguka. Ikikazwa kupita kiasi, kwa kusimama juu ya wili spana au kuirefusha kwa bomba, stadi huvutika hadi ikashindwa kurudi katika urefu wake, na tangu hapo haiibani rimu inavyotakiwa. Stadi ya milimita 12 ya Hilux au Prado huhitaji takriban nyutoni mita 110 (kipimo cha nguvu ya kukaza), kiasi ambacho mtu mzima hukifikia kwa mikono yake bila bomba lolote. Mbaya vilevile ni tope kavu, kutu au rangi nene kati ya rimu na habu, kwani uchafu huo husagika safarini na nati iliyokuwa imekaza ikabaki imelegea. Kwa sababu hiyo hatufungi tairi kabla ya kusugua pande zote mbili kwa brashi ya waya.

Dereva anaweza kuligundua tatizo mapema. Futa rimu kwa kitambaa chenye maji, kwa kuwa vumbi letu jekundu hufanana sana na kutu; ukiona michirizi ya kahawia inayotoka chini ya nati na haifutiki kirahisi, nati hiyo imekuwa ikicheza.

Stadi moja ikikatika, mzigo wake hubebwa na jirani zake, kwa hiyo tunabadilisha pamoja nayo zile mbili za pembeni. Zikikatika mbili, tunabadilisha zote za tairi hilo. Ya zamani tunaitoa kwa presi (mashine ya kugandamiza) pale habu inapofunguka, kwa sababu nyundo nzito huharibu beringi, kisha mpya tunaivuta mpaka meno ya shingoni yashike barabara. Kuchomelea stadi hatukubali hata mteja akiwa na haraka, kwa kuwa moto huondoa ugumu wa chuma hicho, na gari hilo hubeba watu. Tundu la habu likiwa limepanuka kiasi kwamba stadi mpya inazunguka, habu yenyewe ndiyo ya kubadilishwa.

Baada ya kazi, tafadhali rudi tukaze upya ukishatembea kati ya kilomita 50 na 100. Unapoleta gari, njoo na nati zake zote, kwa maana nati ya koni na ile yenye washa bapa haziwezi kubadilishana rimu, na tungependa kuzikagua kabla hatujaagiza stadi.