Mashine ya nyasi inazimazima, na kwanini tunakutoza hela ya kupima

Juzi mteja wetu mmoja katuandikia kwa hasira kweli, anasema tumemwibia. Alileta mashine ya kukata nyasi, ile ya kukalia, ikashinda kwetu siku nzima, tukamtoza elfu arobaini, alipouliza tumebadilisha spea gani tukamwambia hakuna, tumezibua katundu ka kwenye kifuniko cha tangi. "Katundu tu elfu arobaini?" Bosi, naomba nikujibu hapahapa maana sio wewe peke yako, kila vuli ikianza hapa Arusha na nyasi zikachachamaa hilo lalamiko linarudi.

Hiyo mashine kabla haijafika kwetu ilishafungwa kabureta mpya, plagi mpya na koili mpya (ile inayopeleka umeme wa cheche kwenye plagi), hela zote hizo zimelipwa kwingine na bado inazima. Sisi tulianza kwa kumuuliza kijana anayeiendesha, inazima wakati gani? Akasema asubuhi inawaka vizuri, inakata dakika ishirini hivi, inaanza kukohoa, inazima, ukiiacha robo saa inawaka tena kama haijawahi kuumwa. Basi hapo wa kuwashuku ni wawili. Petroli ikishuka kwenye tangi lazima hewa iingie kujaza nafasi yake, na inapitia kwenye katundu ka kifuniko, kakiziba na vumbi tangi linajivuta lenyewe na mafuta hayafiki kwenye kabureta. Ukiiacha ikae hewa inapenya kidogokidogo, inawaka. Wa pili ni koili, ikishika moto waya za ndani zinaachana cheche inapotea, ikipoa inarudi. Mashine inavyozima kwa nje ni vilevile, huwezi kujua kwa kuangalia, inabidi uipeleke kwenye nyasi uifanyishe kazi mpaka izime yenyewe, halafu palepale ikiwa bado ya moto upime cheche, cheche ikiwepo unalegeza kifuniko usikie kama kinavuta hewa na ujaribu kuwasha. Ukichelewa ikapoa unaanza upya. Tulirudia mara tatu ili tuwe na uhakika. Na koili yake ya zamani alikuja nayo kwenye mfuko, tukaijaribu, nzima kabisa.

Sasa elfu arobaini na bei ya koili moja ipi kubwa?

Kinachotuumiza zaidi ni waya kwenye jeti, kale kapande kenye tundu ndani ya kabureta kanakopitisha petroli kwa kipimo. Mashine ikikohoa mtu anafungua kabureta, anachukua uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli anachokonoa jeti mpaka anaona mwanga. Ndugu zangu, jeti ni shaba laini na lile tundu ni jembamba sana, limechongwa kwa kipimo, ukilikwangua limepanuka na halirudi. Siku hiyo itawaka na utafurahi. Baada ya wiki inatoa moshi mweusi, plagi imejaa masizi, haikai sailensa (ukiachia mafuta haiungurumi polepole, inazima), na petroli inakunywa balaa. Hapa kwetu ndio mbaya zaidi, tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, injini inataka mafuta pungufu kuliko ya Dar na wewe umeiongezea. Sisi jeti tunailoweka kwenye dawa ya kabureta halafu tunapuliza na kompresa, basi.

Kuna shule moja mwaka juzi walileta mashine inazima ovyo, mara kwenye shimo mara kwenye kona. Chini ya kiti kuna swichi, ukinyanyuka visu vikiwa vinazunguka injini inakatwa, mtu alichoka nayo akaipitishia waya iwe inajua umekaa muda wote. Huo waya ukapita karibu na chesisi, ukasuguana mpaka plastiki ikaisha, kila ikiruka tuta unagusa bodi na koili inanyamazishwa. Yaani dawa ndio ilikuwa ugonjwa. Na pale watoto wanacheza uwanjani! Waya wa namna hiyo tukiukuta tunautoa, hata mteja akinuna, mashine yenye visu haitoki getini kwetu swichi ikiwa imefungwa kwa waya.

Halafu kuna zile zinazozima ukirudi rivasi visu vikiwa vinazunguka, mashine nyingi zimetengenezwa hivyo makusudi maana nyuma huoni kama kuna mtu. Hiyo tukikwambia ni nzima hatukutozi kitu.

Petroli ya tangu masika, iliyokaa humohumo tangini kiangazi chote, hiyo naisema kwa kifupi tu, imwage. Inaacha gundi kwenye kabureta na kuosha kabureta ni elfu thelathini ambazo hukuwa na haja ya kuzitumia. Kama mashine inapaki miezi miwili mitatu funga koki ya mafuta, iache iungurume mpaka izime yenyewe ndio uifunike.

Ukija kwetu njoo na kijana anayeiendesha, sio dereva wa kirikuu aliyeibeba, maana tutamuuliza inazima ikiwa ya moto au ya baridi, kwenye mlima au tambarare, inazima ghafla kama umezima swichi au inakata roho polepole. Ikizima ghafla tunaanza na umeme, ikikata roho polepole tunaanza na mafuta. Na usiisafishe kwanza, tuachie na uchafu wake hivyohivyo.