Matangazo ya dawa za mgongo yanatuumiza

Bwana Mhariri,

Katika gazeti lako kuna ukurasa wa matangazo ambao sisi wenye maumivu ya muda mrefu tunausoma kabla ya habari nyingine yoyote. Humo kuna dawa inayoahidi kumaliza maumivu ya mgongo, magoti, rimatisme (baridi yabisi) na mishipa kwa siku tatu. Haitajwi imetengenezwa kwa nini wala na nani. Kuna namba ya simu na picha ya mzee aliyesimama wima akitabasamu. Ninakuandikia kukuomba uache kuyachapa matangazo hayo.

Mimi ni fundi wa nguo huku Kadutu, mtaa wa mji wetu wa Bukavu, Kongo. Maumivu yangu yanaanzia kiunoni, yanashuka kwenye tako, yanapita nyuma ya paja na kufika hadi vidole vya mguu wa kushoto. Siku nyingine yanachoma kama pilipili iliyopakwa kwenye kidonda, siku nyingine mguu unakufa ganzi. Nimeishi nayo kwa miaka. Aliyeumwa hivi anajua jinsi usingizi unavyokwisha, wateja wanavyohamisha vitambaa vyao kwa fundi mwingine, na watu wa nyumbani wanavyoanza kunong'ona. Kwetu shangazi alisema ni karuho, kwamba kuna mtu aliyenilisha sumu na nipelekwe nikatapishwe. Wengine walinipeleka kwenye maombi. Siwalaumu, walinitakia mema, na hakuna munganga, yaani daktari, aliyekuwa ametupa maelezo mengine ya kushika.

Kwenye farmasi za mtaani nilikuta jibu moja: dawa mbili ndani ya sirinji moja, geuka, asante, lipa. Nilichomwa hivyo mara nyingi bila kutajiwa majina. Siku moja niliomba vile vichupa vitupu, nikavifunga kwenye kitambaa, na baadaye nikampelekea daktari. Kimoja kilikuwa dikilofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kingine deksametazoni, dawa kali ya uvimbe ya jamii ya steroidi.

Sindano hiyo inatuliza kweli, na ndiyo sababu watu wanarudi. Asubuhi mtu anaamka, anafagia, anapanda mlima na mzigo wake, anawaambia wenzake amepona. Lakini dikilofenaki ikitumiwa mfululizo inaweza kutoboa vidonda tumboni, kupandisha presha na kuharibu figo. Deksametazoni inavimbisha uso, inapandisha sukari, inadhoofisha mifupa na kupunguza nguvu ya mwili kupigana na magonjwa. Aliyeitumia kwa muda mrefu hawezi hata kuiacha ghafla bila hatari, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo zinakuwa zimezoea kutofanya kazi yake. Na sindano ya takoni ikichomwa mahali pasipofaa inaweza kuujeruhi mshipa wa fahamu wenyewe, ule ule unaoshuka mguuni.

Sasa niyarudie matangazo yako. Mwaka 2022 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliwaonya watu kuhusu vidonge vya Artri King, vilivyouzwa kama virutubisho vya viungo. Maabara ilikuta ndani yake dikilofenaki na deksametazoni, na kopo halikuandikwa hivyo. Dawa zilezile mbili za vichupa vyangu! Ikiwa jambo hilo liliwezekana katika nchi yenye wakaguzi na maabara, sisi wa Bukavu tutajuaje kilichomo kwenye unga wa kahawia unaofungwa kwenye mfuko wa plastiki? Sisemi kwamba wauzaji wako wanafanya hivyo. Ninasema kwamba dawa inayotuliza kila aina ya maumivu ndani ya siku tatu inastahili kuulizwa kilichomo, na gazeti linalopokea pesa ya tangazo ndilo la kwanza kuuliza.

Kuna jirani yetu aliyekuwa akibeba magunia ya makala, yaani mkaa, kutoka bandari ya Muhanzi hadi soko la Kadutu, kamba kwenye paji la uso kama wamama wote wa kazi hiyo. Alianza kuumwa katikati ya mgongo. Kila mtu alisema ni mizigo, na nani angefikiri vingine? Alikonda, akatoka jasho usiku, na kwa miezi aliendelea na sindano na unga. Alipofikishwa kwa daktari miguu ilikuwa imeanza kulegea. Ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Dawa za kifua kikuu katika nchi yetu hutolewa bure. Alichokosa ni mtu wa kumpima mapema, na deksametazoni, kama ndiyo aliyokuwa akichomwa, ingeweza kuupa ugonjwa huo nafasi ya kuenea huku ikificha maumivu yake.

Kwa hiyo wasomaji wako wajue, hata kama barua hii itakatwa, sehemu hii ninaomba ibaki: mgongo unaoambatana na homa, kukonda au jasho la usiku, ganzi katikati ya mapaja, mkojo au choo kisichozuilika, au mguu unaopoteza nguvu, upelekwe hospitali siku hiyohiyo. Usipelekwe farmasi.

Migongo mingi haina ugonjwa wa namna hiyo. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 619 waliokuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020, na linasema kwa karibu tisa kati ya kumi hakuna ugonjwa au jeraha moja linaloweza kutajwa kuwa ndiyo chanzo. Wengi huona nafuu kwa wiki chache. Yanayopita miezi mitatu ndiyo yanayoitwa sugu, na hapo mwili unakuwa umebadilika: mishipa ya fahamu inaendelea kupiga kelele hata kidonda kikiwa kimepona. Maumivu hayo ni ya kweli. Anayeambiwa "picha haionyeshi kitu, unajisumbua bure" ametukanwa.

Mimi nilianza kupata nafuu siku niliyopata daktari aliyenipa muda. Aliuinua mguu wangu nikiwa nimelala, akanigonga goti, akanichoma kidogo kwa pini nimwambie wapi nasikia na wapi sisikii, akaniuliza ninalala vipi na ninakaa vipi kwenye cherehani. Akasema mshipa wa fahamu unabanwa pale unapotoka kwenye uti. Aliniandikia amitriptilini, kidonge kidogo cha usiku. Ni dawa ya zamani ya huzuni kubwa ambayo kwa kipimo cha chini hutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu. Inakausha mdomo na kuleta usingizi, na haimfai kila mwenye mgongo, wala mwenye matatizo fulani ya moyo. Ndiyo maana haitakiwi kununuliwa kwa kunisikia mimi tu. Halafu akanituma kwa mtaalamu wa kinezi, yaani tiba ya mwili kwa mazoezi.

Huko kwa kinezi sikuona mashine za ajabu. Nilifundishwa mazoezi ya tumbo na mgongo, kutembea kila siku hata mguu ukilalamika, kuinuka kwenye cherehani kabla mgongo haujakakamaa. Mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani lilitoa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unasema mambo ya aina hiyo: maelezo kwa mgonjwa, mazoezi, msaada wa kisaikolojia. Unashauri dhidi ya mikanda ya kiuno na kuvutwa mgongo kwa mashine, vitu ambavyo navyo vinatangazwa mjini kwetu kwa bei ya kuuza mbuzi. Bado ninaumwa. Lakini ninalala, na ninamaliza nguo ya mteja siku niliyomwahidi.

Najua mama anayebeba mizigo Muhanzi hawezi kuambiwa apumzike. Kumwambia hivyo ni kuwaambia watoto wake wasile. Hata hivyo anaweza kuonyeshwa jinsi ya kuugawa mzigo na kuinuka nao, na mwenye gunia anaweza kushurutishwa kupunguza kilo. Hilo ni jambo la chama chao na la wakubwa wa soko, na gazeti lako lingelisukuma vizuri zaidi kuliko mimi.

Ombi langu ni hili, Bwana Mhariri. Kila anayeleta tangazo la dawa aonyeshe jina la dawa, kilichomo, na namba ya usajili ya ACOREP, mamlaka ya dawa ya nchi yetu. Asiyekuwa navyo arudishiwe pesa yake. Nafasi itakayobaki wazi, mpe mtaalamu wa kinezi aandike mazoezi, yenye michoro, kwa Kiswahili. Najua ukurasa ule unalipa mishahara. Kama ni pesa ya nafasi hiyo inayokosekana, mafundi wa nguo wa Kadutu tuko tayari kuchanga kwa toleo la kwanza. Nimeshazungumza na wenzangu, na jina langu na namba ya simu ninakuachia ofisini kwako.

Fundi wa nguo,
Kadutu, Bukavu