Kompyuta chakavu za maofisini zifunguliwe kabla ya kupimwa kwa kilo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kompyuta chakavu za maofisini hapa Dodoma. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa nguvu mwaka 2016 ofisi zimeongezeka, na vifaa vilivyokuja nazo vinachakaa karibu kwa wakati mmoja. Vikishafutwa kwenye daftari la mali huuzwa kwa mafungu, na vingi huishia kwa wanunuzi wa skrepa, ambao mizani yao haitofautishi kasha la bati na bodi, yaani ubao wa saketi, yenye madini ya thamani.

Mimi ni fundi kompyuta, na vijana wanaopita kibandani kwangu huulizia dhahabu kwanza. Ni kweli ipo. Meno ya rami (kadi ya kumbukumbu), pini za prosesa (kitovu cha hesabu cha kompyuta) na viunganishi vya maza bodi (bodi kuu) vimepakwa dhahabu, na tani moja ya bodi za kompyuta inaweza kuwa na gramu 200 au zaidi, wakati tani ya mwamba katika migodi mingi hutoa gramu chache tu. Lakini hiyo ni tani ya bodi tupu, si ya kompyuta nzima, na upako wenyewe ni mwembamba mno kuliko unywele. Zile prosesa za kauri za miaka ya 1990, zilizosheheni dhahabu kweli, siku hizi ni adimu. Anayeitafuta kwa kuchanganya tindikali kwenye ndoo uani kwake atavuta moshi wa hudhurungi unaounguza mapafu, kisha atabaki na maji ya sumu asiyojua pa kuyamwaga, tena katika mji unaotegemea visima vya Mzakwe kwa maji ya bomba.

Riziki ya fundi iko kwingine. Kompyuta inayoitwa mbovu mara nyingi imeangushwa na kifaa kimoja, pengine kapasita (vipande vidogo vinavyohifadhi umeme) zilizovimba ndani ya pawa saplai, kisanduku kinachoipa kompyuta umeme, huku rami, kioo na kibodi vikiwa vizima kabisa na vikihitajika na mwenye mashine ya aina hiyo hiyo. Baada ya vipuri huja shaba ya nyaya, ya transfoma na ya kipoza joto cha prosesa, halafu alumini. Nyaya zichunwe kwa kisu, zisichomwe: plastiki yake ikiungua hutoa sumu kali, na shaba iliyoungua hununuliwa kwa bei ya chini kuliko inayong'aa. Monita za kichogo zisivunjwe, kwa sababu vioo vyake vina madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Bodi zenyewe zitunzwe nzima. Kuzitoa dhahabu, fedha, paladi na shaba kwa pamoja ni kazi ya matanuri makubwa kama yale ya Hoboken, Ubelgiji, na kuzisafirisha nje kunafuata masharti ya Mkataba wa Basel, mkataba wa kimataifa wa usafirishaji wa taka hatari, ambao tangu Januari 2025 unataka ridhaa ya nchi inayopokea kwa taka zote za kielektroniki. Kwa hiyo zikabidhiwe kwa mkusanyaji mwenye kibali. Tayari tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za taka za kielektroniki za mwaka 2021. Sioni ugumu wa afisa ugavi kuandika katika tangazo la mnada kwamba mnunuzi aje na kibali hicho mkononi.

Ninaloomba kwa taasisi za hapa Dodoma ni kwamba, kabla ya fungu kupimwa, mafundi pamoja na wanafunzi wa vyuo vya ufundi waruhusiwe kulifungua na kutenga vipuri vizima kwa ajili ya maabara za kompyuta za shule za sekondari. Diski za kuhifadhia nyaraka (hadi diski) zisitoke humo zikiwa na nyaraka: zitobolewe palepale stoo, mtunza stoo akishuhudia na kuweka sahihi.

Wako,
Fundi kompyuta,
Nkuhungu, Dodoma.