Nyumba ya magogo niliyokutumia picha

Utica, New York
Oktoba

Fundi mwenzangu,

Habari za Bukoba, na wazee hawajambo? Sisi huku wazima, ila baridi imeshaanza. Umenicheka sana kwa ile picha: eti nimevuka bahari kwenda kupiga picha banda la magogo. Ngoja nikueleze kwa barua, maana kwenye simu huwa hunipi nafasi.

Mahali penyewe panaitwa Santanoni, kando ya ziwa Newcomb, huko kwenye milima ya Adirondack, hapa hapa jimboni New York. Gari unaliacha getini, halafu unatembea karibu kilomita 8, na kurudi vilevile. Nilikwenda na jamaa wa kazini, Mkongomani wa Uvira. Kila tukikata kona ananiuliza, "Bazungu banatembeaka hivi juu ya kuona magogo?" Tulipofika barazani akanyamaza. Na huyo si mtu wa kunyamaza.

Mwenyewe alikuwa Robert Pruyn, tajiri wa benki kutoka mji wa Albany. Enzi hizo watu wa mijini wenye pesa walikuwa wameanza kukimbilia maziwa ya huku kila kiangazi, wakijifanya wanaishi kama wawindaji, huku wapishi na watumishi wakiwa nyuma yao. Nyumba ilijengwa kati ya 1892 na 1893, na iliingia miti ya sprusi, jamii ya msonobari, ipatayo 1,500. Ndiyo, 1,500, sikukosea kuandika. Tena si jengo moja: ni majengo sita, yameunganishwa kwa baraza ndefu na kufunikwa kwa paa moja. Baba yake Pruyn aliwahi kuwa mwakilishi wa Marekani nchini Japani na Pruyn akiwa kijana akaishi naye huko, kwa hiyo watu hupenda kusema paa lile lina Ujapani ndani yake. Mimi Japani sijafika. Nilichoona ni nguzo zilizosimama wima kabisa baada ya miaka zaidi ya 130, nikavua kofia.

Sebuleni kuta zimevikwa magome. Kuna mti wa huku wenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi, basi wakalibandua na kulibandika ukutani kama sisi tunavyopaka rangi. Ungeliona ungelinuna, wewe unayetaka kila kitu kipigwe randa.

Uliniuliza mti unakaaje kwenye theluji miaka yote hiyo. Theluji yenyewe haina neno. Baridi ikikaza, kuvu nayo inalala. Kinachoua ni maji yanayokaa: paa linalovuja, gogo la chini lililogusa udongo, theluji inayoyeyuka na kujipenyeza kwenye maungio. Gogo linaoza kutoka ndani, nje linabaki zuri, unaligonga unasikia sauti ya debe tupu. Hapo sisi tungeling'oa lote tukaweka jipya. Wao wanainua nyumba kwa jeki kidogo kidogo, wanakata sehemu iliyooza mpaka wafike kwenye mti mzima, wanachonga kipande kipya cha kufaa pale, wanakipachika. Nilimtazama yule Mkongomani akipitisha kidole kutafuta kiungo. Kwa macho unakiona, rangi ni tofauti. Kwa kidole hukisikii. Kujenga upya ni rahisi mara kumi, niamini.

Lakini kilichokaribia kuimaliza nyumba ile si maji peke yake. Mwaka 1971 mtoto wa miaka 8 wa ukoo uliokuwa umeinunua alipotea msituni, hakuonekana tena mpaka leo. Mwaka uliofuata wakaondoka, na ardhi ikaingia mikononi mwa jimbo. Sasa sikia kisa: katiba ya New York tangu 1894 inataka misitu ya jimbo ibaki pori milele. Ndani ya pori la milele nyumba inafanya nini? Wako waliotaka ibomolewe, au iachwe ioze yenyewe. Na walipokuwa wakibishana, paa lilikuwa likivuja. Karibu miaka 20 hivyo, bila mwenyewe! Mwaka 1990 ndipo kikaanzishwa chama cha kutetea majengo ya zamani ya eneo hilo, kikashikana na mji mdogo wa Newcomb na serikali ya jimbo, na mafundi wakarudi. Mwaka 2000 nyumba ikatambuliwa rasmi kitaifa kuwa jengo la kihistoria. Banda kubwa la mifugo la shamba lake halikubahatika. Liliteketea kwa moto 2004.

Mimi niko na waliosema isibomolewe, ila wale wa pori siwaoni wajinga. Ukiiachia nyumba moja leo, kesho anakuja mwenye hoteli na ramani mkononi. Bahati yao barabara imebaki ya miguu, baiskeli na farasi.

Nimeshakushikilia mno. Nikuombe jambo moja: ukipita kwa mzee aliyetufundisha, muulize kama ile tezo yake bado anayo, unitumie picha ya mpini pale ulipofungwa. Nyuma ya nyumba nimepata gogo la bure na nataka nikijaribu kile kiungo kabla theluji haijalifunika. Msalimie mama watoto.

Nduguyo