Mbuzi wangu yuko wapi?

Moshi

Ndugu yangu Elibariki,

Kwema huko Usa River? Sisi huku wazima, kahawa tumeshaanika, mama anakusalimia na bado anauliza sufuria yake itarudi lini. Tangu msiba wa mama yake Godi sijakupigia wala kukuandikia. Nisamehe, msimu ulinibana. Leo nimeshika kalamu kwa sababu nakudai mbuzi.

Unaukumbuka usiku ule kambini Barranco, kule Kilimanjaro, tulipobishania zile senesio, mimea mikubwa kama miti inayoota juu milimani? Ukasema za Mlima Meru ndizo wakubwa, za kwetu wajukuu. Mimi nikasema mzee wa ukoo yuko Kilimanjaro. Tukawekeana mbuzi, Godi akawa shahidi. Sasa wiki iliyopita nilipandisha kwa njia ya Machame mama mmoja mtafiti wa mimea. Kibali anacho, usianze. Kila tukifika kwenye senesio anakata kipande cha jani kama ukucha wa dole gumba, anakitia kwenye kamfuko kenye zile punje za kukaushia unazozikuta kwenye boksi la viatu vipya, anaandika namba, tunaendelea. Wagumu, wabeba mizigo wetu, walicheka mpaka basi: wenzake wanakimbilia kileleni, yeye anachuma mboga!

Jioni nikamuuliza habari ya mbuzi. Kumbe jibu lipo tangu 1995. Wataalamu wa mimea Eric Knox na Jeffrey Palmer walichukua sampuli 40, aina zote 11 za senesio kubwa, wakatoa DNA ya kloroplasti, ile chembe ya kijani ya jani, wakaikata kwa vimeng'enya. Kila kimeng'enya ni mkasi mchaguzi: kinakata pale tu kinapokuta herufi zake kwenye DNA, na herufi moja ikibadilika hakigusi. Walikagua sehemu kama 1000, wakakuta 9 tu zinazotofautiana. Tisa, Eli! Yaani hawa wameachana juzi juzi. Ukifuata nani ana badiliko lipi unarudi mpaka kwenye shina, nalo liko juu huku Kilimanjaro. Toka hapa wakaenda Aberdare, Mlima Kenya na Cherangani, wakavuka hadi Ruwenzori, wakashuka Virunga, wengine wakageuza wakaibukia Elgon. Ametoka Kilimanjaro akajaa kila mahali: kama huyo si Mchagga ni nani? Kasoro yake moja, Desemba harudi nyumbani.

Ila kuna jambo limeninyima usingizi, nalo linakuhusu na wewe. Wageni huwa tunawaambia nini? Kwamba senesio ya huku na ya Kenya zikifanana manyoya ya jani na umbo, basi ni ndugu wa tumbo moja. Ndivyo tulivyofundishwa kwenye ile kozi. Kumbe kila mlima zilipanda na kushuka kivyake, zikaishia kufanana bila kurithishana. Ni kama mimi na wewe na yale makoti ya mtumba ya Memorial: tumevaa sawa, lakini hakuna mama aliyetuzaa wote wawili. Miaka yote hiyo nimedanganya watu, na bakshishi nimekula. Jana nimejikuta nasimama mbele ya mgeni, mkono umeshaelekea kwenye jani, maneno yakagoma kutoka. Nikamwonyesha tu yale majani makavu yanavyolivisha shina lisigandishwe na baridi. Hilo angalau nina uhakika nalo.

Najua utakalosema: kloroplasti ni upande mmoja. Nilimuuliza kwa niaba yako, uone nilivyo mwema. Akakubali. Mimea mingi ya maua huipata kwa mama, habari za chavua ya baba hazimo. Ndiyo maana anakusanya upya, asome na vinasaba vya kwenye kiini. Haya, nakupunguzia: nusu mbuzi sasa, nusu nyingine baba akijulikana. Kichwa cha mbuzi ni changu.

Mwezi ujao anakuja kwenu Meru, anataka mtu anayejua kila senesio ilipojificha. Nimempa jina lako. Una nafasi? Namba yako ya zamani bado inapatikana? Goti limepona, au bado unateremka kinyumenyume? Godi amekulipa? Sufuria je? Na huyo mtafiti utamwambia nini akikuuliza za wapi ndizo wakubwa?

Nijibu kabla sijapanda tena Jumapili.

Wako,
Anaeli