Anaekwenda Kilimanjaro kutoka Pemba atazame bahari kwanza

Mhariri, assalaam alaykum.

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Nina jambo limenikaa rohoni tangu Julai mwaka jana, na sasa naona vijana wa huku kwetu wameanza tena kuchangishana pesa za kwenda kupanda Mlima Kilimanjaro na wanapanga vilevile kama tulivyopanga sie.

Tulikuwa sita, wa Chake na Wete, wengine walimu wa skuli kwa hiyo likizo ndiyo ilotuchagulia tarehe. Wiki mbili kabla kila mtu kashika simu anatazama hali ya hewa ya Moshi, jua, jua, jua, mpaka siku ya kumi na nne kijua cha manjano, tunatumiana kwenye grupu la WhatsApp tunafurahi, na hakuna hata mmoja alotazama bahari. Na sie ndio watu wa kisiwani! Julai ni kusi, ule upepo mkali wa kutoka kusini, mtoto wa mvuvi anajua. Siku ya kuondoka tumefika bandarini Mkoani alfajiri na mabegi yetu, tunaambiwa boti haiendi, imetoka tahadhari ya upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya zaidi ya mita 2. Simlaumu nahodha hata kidogo, baada ya kuzama meli za Spice Islander 2011 na Skagit 2012 nani wa visiwani atalaumu boti kulala bandarini. Lakini siku yetu moja imeshakwenda, na siku za mlimani zimeshalipiwa.

Yule alotuuzia safari akatwambia kwa simu hakuna tabu, siku hiyo ataifidia kwa kuondoa mapumziko ya Horombo. Tukakubali. Hapa naomba msomaji apasome mara mbili maana kosa liko hapa. Horombo ni kambi ya njia ya Marangu, mita 3,720, na ile siku moja ya kukaa pale sio ya kupiga picha, ni ya mwili kuzoea hewa nyepesi kabla ya kwenda kambi ya Kibo kwenye mita 4,720. Sie tumezaliwa usawa wa bahari, Pemba nzima haina kilima cha kufika mita 200, kama kuna watu wanaihitaji siku ile basi ni sie.

Saa sita za usiku pale Kibo ndio watu wanaamka kuanza kupanda kileleni. Mwenzetu mmoja kakaa kitandani anafunga kamba za viatu. Anafunga, zinamponyoka, anafunga tena, vidole havimtii, mara anacheka peke yake kama mlevi na hajaonja ulevi maisha yake. Mwongozaji akamwambia simama utembee ufuate mstari wa sakafu, hatua tatu akaegemea ukuta. Mwongozaji hakubishana na mtu, akajua ni ile hewa nyepesi, akaita wapagazi wawili, mwenzetu akateremshwa usiku uleule mpaka Horombo na mie nikashuka nae. Nje anga safi, nyota zimejaa, baridi kavu. Utabiri wa Moshi ulikuwa kweli kabisa na haukutusaidia kitu. Alhamdulillah alivyoshuka tu akaanza kurudi kwenye akili zake, kufika asubuhi ananiuliza imekuwaje.

Kwa hiyo nawaomba wanaopanga sasa hivi, wekeni siku mbili za akiba, na ziwekeni upande wa bahari, yaani mfike Moshi siku mbili kabla ya kuingia geti. Boti ikienda vizuri mtapumzika Moshi, isipokwenda hamtoibia siku ya mlima. Najua ni gharama ya gesti na chakula. Bora hiyo.

Na ile picha ya jua ya wiki mbili msiiamini sana. Siku tatu nne za mbele utabiri una nguvu, zaidi ya wiki unabaki kuwa dalili tu, uitazame tena kila siku uone inabadilika vipi, na ikiwa kila siku inasema jingine basi jua hata wao hawana uhakika. Halafu Moshi sio mlima. Programu ya simu inachukua kipande kikubwa cha ardhi inakihesabu kama kina kimo kimoja, wakati kule kila mita 1,000 unazopanda joto linashuka kama digrii 6, Moshi ikiandikwa 28 basi kileleni Uhuru kwenye mita 5,895 ni chini ya sifuri mchana kweupe, seuze usiku. Na Moshi kuna jua msituni kuna ukungu na manyunyu, mawingu yanapanda kuanzia adhuhuri. Tangu 2022 Horombo kuna intaneti, angalieni tena mkiwa pale.

Kwako Mhariri, ombi langu ni dogo. Ukurasa wa hali ya hewa unatupa miji na digrii. Tuwekeeni na tahadhari ya bahari ya siku tano za mbele kama inavyotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, pamoja na kile kiwango cha uwezekano wake, kikubwa au cha wastani, maana kikikatwa hicho watu wanasoma habari kama hukumu.

Sie tunarudi inshallah. Januari na Februari mlimani kukavu lakini huku ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, na Ramadhani miaka hii iko hapohapo, kwa hiyo tumechagua mwisho wa Septemba, msimu wa demani, kusi limelegea na mvua za vuli bado. Mwenzetu yule kashajiandikisha wa kwanza.

Mpanda mlima,
Chake Chake, Pemba